Ufunguo uko kwa mtendaji

Saa kumi na moja jioni bodaboda inamshusha muuguzi mpya mbele ya zahanati. Ana begi moja, ndoo, godoro la futi tatu lililokunjwa na kufungwa kamba, na bahasha ya kaki yenye barua ya kupangiwa kituo. Nyumba ya mtumishi ipo, hatua hamsini nyuma ya zahanati, bati jipya, rangi safi. Mlangoni kuna kufuli. Ufunguo uko kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji yuko msibani kata ya pili. Simu yake haipatikani.

Usiku huo analala kwa mhudumu wa afya, chumba kimoja na watoto watatu.

Usiku wa pili pia.

Yeyote anayeshughulika na watumishi wa afya katika halmashauri za pembezoni anaijua picha hii. Hubadilika jina la kijiji tu. Kufuli linaudhi, lakini kilichonikaa rohoni kwa wiki kadhaa ni jedwali. Siku hiyohiyo, makao makuu ya halmashauri, muuguzi huyu ameshaingizwa kwenye taarifa inayopelekwa mkoani, safu ya "walioripoti". Kwa mujibu wa jedwali, kazi imekwisha.

## Safu inayokosekana

Mwaka 2023 TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri nchini Tanzania, ilitangaza nafasi 21,200 kwa mkupuo: 8,070 za afya na 13,130 za ualimu. Tangazo kama hilo huamsha nchi nzima. Watu hushinda kwenye mfumo wa maombi usiku wa manane mtandao ukiwa mwepesi, vyeti vinaskaniwa stesheneri hadi foleni inafika barabarani. Na kwenye makundi ya WhatsApp ya waombaji ushauri ni uleule kila mwaka: ingia kwanza, utahama ukiwa ndani.

Mwajiri anajua. Ndiyo maana kuna sharti la kutohama ndani ya miaka mitatu. Lakini sharti humzuia mtu kuhama kwa barua, halimzuii kuhama kwa moyo. Wengine huenda likizo bila malipo. Wengine huugua maradhi yanayohitaji kliniki ya mjini kila mwezi. Wengine huazimwa na ofisi ya wilaya "kwa muda" kusaidia kuingiza takwimu, na muda huo haufiki mwisho. Jina linabaki zahanati, mshahara unasoma zahanati, mtu hayupo.

Kama ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu, ningeongeza safu tatu kwenye jedwali lile: waliopo siku ya 90, waliopo mwezi wa 12, waliopo mwezi wa 36. Na neno "waliopo" liwe na maana ya waliofanya angalau zamu moja wiki hiyo kwenye kituo kilichoandikwa kwenye barua. Daftari la zamu lipo kila kituo. Halihitaji mfumo mpya wala mshauri elekezi. Katibu wa afya wa wilaya anaweza kulijumlisha kwa siku mbili.

## Daftari la dukani

Turudi kwa muuguzi wetu. Ufunguo umepatikana siku ya tatu. Sasa anasubiri cheki namba, ile namba ya mtumishi ambayo bila hiyo mshahara hautoki.

Ili aipate, afisa utumishi anahitaji vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga, fomu ya uchunguzi wa afya, picha ndogo na mkataba uliosainiwa. Vyote vinaingizwa kwenye mfumo, vinakwenda kuidhinishwa, kisha namba inatoka. Kinachokwamisha mara nyingi ni herufi moja. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaidi, NIDA inasema Mwanahidi. Faili linarudi. Kiapo cha mahakama, safari ya wilayani, nauli ya kwenda na kurudi. Na kwa kuwa orodha ya malipo hufungwa tarehe fulani ya mwezi, kuchelewa siku nne kunageuka kuwa kuchelewa mwezi mzima.

Katika mwezi huo alipaswa kuwa anakula posho ya kujikimu. Tatizo ni kalenda. Bajeti ya halmashauri huanza Julai mosi, kibali cha ajira hutoka kinapotoka. Kikitoka Aprili, fungu la posho ya waajiriwa wapya mara nyingi halina kitu, na halmashauri maskini kwa mapato ya ndani ndizo hizohizo zenye upungufu mkubwa wa watumishi. Anaambiwa asubiri, deni lake litaandikwa kwenye malimbikizo.

Basi anaishi kwenye daftari la dukani. Sukari robo. Sabuni kipande. Mafuta ya kula ya kupima. Vocha ya elfu moja. Kila mstari una tarehe, na mwenye duka ni baba wa mtoto anayeletwa kliniki siku ya Alhamisi.

Hapa ndipo mambo huharibika kimya kimya, na naona hatulisemi vya kutosha. Mtumishi anayedaiwa na wagonjwa wake hana tena nafasi ya kusimama sawa nao. Wa kwanza anaanza kukwepa njia ya dukani. Wa pili anauza jozi ya glovu kwa mama aliyekuja kujifungua, mara moja tu, halafu tena. Tukija kumkuta baada ya mwaka tunamwita mla rushwa, na kweli amekuwa mla rushwa. Ila alianza siku ambayo posho yake iliandikwa malimbikizo.

Halmashauri zinazokwepa hili hufanya kitu cha kawaida sana. Wakati wa kuandaa bajeti, kwa kuwa wameshaomba nafasi kadhaa kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi waliopangwa, ya mwaka unaofuata, wanatenga posho ya kujikimu ya angalau nusu ya nafasi walizoomba. Kibali kisipotoka, fedha inahamishiwa fungu lingine mwishoni mwa robo ya tatu. Na siku ya kuripoti, ukaguzi wa majina kwenye vyeti unafanyika palepale kaunta, kabla mtu hajapanda gari la kijijini, ili kiapo kitafutwe mjini ambako mahakama ipo.

## Saa 168

Wiki ina saa 168. Sheria ya kazi inatambua saa 45 za kawaida kwa wiki. Gawanya: ili mtu mmoja awepo kituoni muda wote, unahitaji watu 3.7. Ondoa likizo ya siku 28, ugonjwa, sikukuu, semina, siku ya kupeleka MTUHA, taarifa za huduma za kituo, na siku ya kufuata chanjo wilayani, hesabu inapanda hadi wanne na nusu. Sema watano. Watano ili awepo mmoja.

Ikama iliyotolewa na Wizara ya Afya kwa miaka ya 2014 hadi 2019 iliweka watumishi 15 hadi 20 kwa zahanati, 39 hadi 52 kwa kituo cha afya, na 200 hadi 337 kwa hospitali ya wilaya. Waliopanga walijua hesabu ya saa 168. Lakini zahanati nyingi za pembezoni zina wawili, au mmoja na mhudumu.

Kwenye karatasi zahanati hufungwa jioni. Uchungu haujui hilo.

Kwa hiyo anayeishi nyumba ya nyuma ya zahanati yuko zamu kila usiku anaolala pale. Anagongewa saa nane na wanaume wanne wamebeba mgonjwa kwenye kitanda cha kamba, anatoka na tochi ya simu, msichana peke yake, na anapaswa kuamua kama huyu ni wa kumtibu au wa kumpigia gari. Asubuhi saa mbili foleni ya kliniki inamsubiri. Baada ya wiki sita za namna hiyo huanza makosa madogo: dozi inaandikwa kwenye mstari usio wake, joto la friji ya chanjo halijaandikwa siku mbili. Msimamizi akija, anakuta makosa. Haoni usiku aliokesha.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kijiji kisicho na muuguzi kipate mmoja kwanza, wengine watafuata. Inaonekana ndiyo haki: zahanati kumi tupu, wauguzi kumi, kila moja wake. Siamini tena. Kumi waliotawanywa mmoja mmoja huondoka mmoja mmoja, na baada ya mwaka mmoja unaweza kurudi kwenye sifuri. Ningewapanga wawili wawili kwenye vituo vitano, na vile vitano vingine nivihudumie kwa kliniki ya mkoba, timu inayokwenda na kurudi, mara mbili kwa wiki mpaka awamu inayofuata. Ni uamuzi mgumu kuutetea mbele ya diwani ambaye zahanati yake imebaki tupu. Diwani huyo atasema wananchi wake wametengwa, na hatakuwa amekosea.

Bado ningefanya hivyo.

## Chumba cha upasuaji kilichofungwa

Ngazi ya juu yake, tatizo ni lilelile ila ni ghali zaidi. Tangu 2017 vituo vya afya kwa mamia vimejengewa majengo ya upasuaji ili mama asikimbizwe wilayani. Kazi kubwa, ya kupongezwa. Sasa hesabu nani anahitajika kumpasua mama mmoja usiku: mpasuaji, mtoa dawa za usingizi, muuguzi wa vyombo, muuguzi wa kuzunguka, mkunga wa kumpokea mtoto, na mtu wa maabara anayeweza kupima na kulinganisha damu. Sita. Akikosekana mpasuaji, kila mtu anaona. Akikosekana mtoa usingizi, jengo zima linakuwa stoo.

Na mtoa usingizi ndiye anayekosekana. Mara nyingi ni muuguzi aliyeongezewa kozi ya mwaka mmoja, na kituo kina mmoja tu. Akienda likizo, rufaa zinaanza upya.

Daktari kijana aliyepangiwa kituo kama hicho haondoki kwa sababu ya vumbi. Anaondoka kwa sababu mikono yake inasahau. Amesoma miaka mitano, akafanya mwaka wa mafunzo kazini, anafika mahali ambapo kwa mwezi anapasua mara mbili, kisha hapasui kabisa kwa sababu mashine ya kutakasa vyombo imeungua waya na fundi vifaa tiba yuko mkoani. Akikaa miaka mitatu bila kazi aliyosomea, ataogopa hata kuomba kazi kwingine. Anajua. Kwa hiyo anaondoka mapema.

Dawa yake ni kumpeleka muuguzi wa pili kwenye kozi ya usingizi kabla ya kumleta daktari wa pili. Fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo tangu mwaka wa fedha 2017/18 zimesaidia matengenezo madogo, kwa sababu waya wa mashine hausubiri tena kikao cha wilaya. Mtu wa usingizi haununuliwi kwa akaunti hiyo.

## Ngazi iliyoondolewa

Kuna kada moja ambayo wengi vijijini bado wanaiita kwa heshima: daktari msaidizi. Alikuwa tabibu kwanza, stashahada ya miaka mitatu, akafanya kazi wilayani, kisha akarudi darasani miaka miwili na kutoka akiwa na uwezo wa kupasua. Utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali zilizochunguzwa ilifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye shahada. Msumbiji, ambako mafundi wa upasuaji walianza kufundishwa 1984, walipofuatiliwa miaka saba baada ya kuhitimu karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa bado hospitali za wilaya. Madaktari waliopelekwa wilaya hizo hakubaki hata mmoja.

Mafunzo ya daktari msaidizi yakasitishwa nchini. Hoja ilieleweka: wahitimu wa shahada wameongezeka, kwa nini tuendelee na njia fupi?

Hoja hiyo ilihesabu wapasuaji. Haikuhesabu kile kilichomfanya tabibu avumilie miaka minne mahali pasipo na lami. Alikuwa anaona ngazi. Utafiti mwingine uliochapishwa 2011, uliowauliza wanafunzi wa utabibu wa Tanzania kazi gani ya kijijini wangeichagua, ulikuta ahadi ya kusomeshwa baada ya kutumikia muda fulani ni miongoni mwa vivutio vyenye nguvu kuliko vyote, sambamba na mshahara, na mbele ya nyumba. Sasa ngazi inayofuata ni shahada ya miaka mitano, na anayerudi na shahada hiyo harudi kituo cha afya alichotoka.

Hapa kuna jambo ambalo sijalimaliza akilini. Ukimwahidi mtu masomo baada ya miaka mitatu, umempa sababu ya kukaa miaka mitatu, na pia umempa tarehe ya kuondoka. Wakati wote akiwa chuoni anahesabika kwenye ikama ya kituo, mshahara unaendelea, nafasi yake haiwezi kujazwa. Zahanati ya watu wawili ikimpeleka mmoja masomoni, inabaki na mmoja mwenye saa 168. Nimeona hoja kwamba basi tusiwaruhusu. Ukifanya hivyo wataondoka mwezi wa nane badala ya mwaka wa tatu. Njia isiyoumiza sana ni halmashauri kuwa na orodha ya zamu ya masomo, iliyobandikwa ukutani, kituo kwa kituo, mtu kwa mtu, miaka mitano mbele, na wauguzi wawili wa akiba makao makuu ambao kazi yao ni kuziba nafasi hizo tu. Orodha ikionekana, hata wa mwisho anajua mwaka wake. Ikibaki kwenye droo, watu hufikiri inapangwa kwa kujuana. Mara nyingine ni kweli.

## Kuhusu pesa, kwa ufupi

Malawi mwaka 2004 ilianza mpango wa dharura uliowaongezea watumishi wa afya mishahara kwa asilimia 52. Watumishi waliongezeka na wimbi la kwenda Ulaya likapungua. Lakini nyongeza ilimfikia wa mji mkuu, Lilongwe, sawa na wa kijijini, kwa hiyo haikumpa mtu sababu ya kupanda lori kwenda kijijini. Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Cuba mwaka 2018 na kuwasambaza kaunti. Wawili wakatekwa Mandera mwaka uliofuata. Pesa na mikataba huleta watu. Kuwafanya walale pale kwa amani ni kazi nyingine.

## Mwenza

Sababu moja inayojirudia kwenye barua za uhamisho ni kufuata mwenza. Na hapa suluhisho liko ndani ya jengo moja.

Soma tena tangazo la 2023: afya na ualimu, wizara moja, mfumo mmoja, siku moja. Muuguzi ameolewa na mwalimu wa sekondari, wote wameomba, mmoja anapangwa Kakonko na mwingine Newala. Miaka mitatu baadaye serikali inashughulikia barua mbili za kuunganisha ndoa iliyoitenganisha yenyewe. Kisanduku kimoja kwenye fomu ya maombi, chenye namba ya NIDA ya mwenza aliyeomba pia, na kanuni ya kuwapanga kata moja. Kijiji kinapata mwalimu na muuguzi kwa nyumba moja.

Na nyumba yenyewe isiishie kwenye rangi. Tanki la lita 5,000 lenye mfereji wa bati unaofika. Choo ndani. Komeo la ndani. Betri ya sola ya nyumba iwe yake, mbali na ya wodi, maana betri ya wodi ikitumika kuchaji simu za kijiji kizima na kuachwa ishuke chini ya nusu kila usiku, inakufa kabla ya wakati wake na mama wa saa nane anajifungulia kwenye mwanga wa tochi. Kwenye ukamilishaji wa maboma, majengo yaliyoanzishwa bila kumalizika, zahanati zimekuwa zikipewa shilingi milioni 50 na nyumba zikiambiwa zisubiri. Ningegeuza mpangilio: nyumba iishe kwanza. Zahanati yenye jengo bila mtu ni jengo.

## Wa hapa hapa

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2010 na tena 2021, linasisitiza kuchukua wanafunzi waliokulia vijijini kwa sababu wana uwezekano mkubwa wa kurudi huko. Japani ilianzisha chuo cha Jichi mwaka 1972 kwa lengo hilo: kila mkoa unapeleka vijana wake, wanasoma miaka sita, wanautumikia mkoa wao miaka tisa. Ingwavuma, kaskazini mwa KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, hospitali ya Mosvold ilianza 1999 kuwasomesha vijana wa vijiji vinavyoizunguka, na sharti mojawapo lilikuwa kujitolea hospitalini kabla ya kupewa ufadhili.

Kwetu kizuizi kiko chini zaidi. Binti wa kata ya pembezoni anahitaji ufaulu wa Baiolojia na Kemia kidato cha nne, na shule yake haina mwalimu wa Kemia. Halmashauri inayotaka muuguzi wa mwaka 2035 inapaswa kumtafutia mwalimu wa Kemia sasa.

Wakati huohuo wapo wanaojitolea: wahitimu wenye leseni, wazaliwa wa eneo, wanaolipwa kidogo kutoka mapato ya kituo, au hawalipwi. Wanazijua njia, wanajulikana, wana pa kulala. Akili inasema waajiriwe kwanza. Naikubali, na bado inanitia wasiwasi, kwa sababu siku kujitolea kutakapokuwa mlango rasmi wa ajira, kila kituo kitakuwa na vijana wanaofanya kazi miaka minne bure wakisubiri mlango ufunguliwe, na mwenye ufunguo atakuwa mtu mmoja ofisini. Kikomo kiwekwe: miezi kumi na miwili, kwa mkataba, posho iliyoandikwa, na alama za wazi kwenye maombi.

## Sababu iliyoandikwa

Mtumishi anapoondoka, fomu inataka sababu. Zinazokubalika zinajulikana: mwenza, afya, kubadilishana kituo na mtumishi mwingine. Kwa hiyo ndizo zinazoandikwa. Hakuna anayeandika "nimegongewa usiku 40 mfululizo" au "kiongozi alinisimamisha kazi kwenye mkutano wa hadhara kwa dawa ambazo hazikuletwa". Jambo hilo la pili huwaondoa wengi zaidi ya aliyesimamishwa, kwa sababu wilaya nzima huiona video kabla ya jua kuzama.

Mtu akiwa bado anahitaji saini yako hatakwambia ukweli. Mpigie miezi sita baadaye, akiwa kituo kipya na mshahara wake salama. Apige mtu asiyekuwa msimamizi wake. Maswali matatu yanatosha: ni wiki gani uliamua kuondoka, nani alikuwa zamu na wewe wiki hiyo, na ni kitu gani kingekufanya ungoje mwezi mmoja zaidi. Andika majibu kwenye jedwali lilelile, mbele ya jina lake, kwenye safu ya mwezi wa 12 iliyobaki wazi.